Usafi wa Nyumba Katika Nchi ya Maji Machache

Wazazi na walimu, tusomapo habari za usafi mara nyingi twaambiwa, Osheni hiki, osheni kile, kana kwamba kila nyumba ina mto mlangoni. Sisi tukaao katika nchi ya Dodoma twajua mambo yalivyo. Mvua zetu huja mara moja tu kwa mwaka, yapata Desemba hata Aprili, kisha ni jua, upepo na vumbi. Katika vijiji vingi mama huenda mwendo mrefu kuchota ndoo moja katika shimo lililochimbwa mchangani mwa korongo. Akiisha kuifikisha nyumbani, ni nani atakayemlaumu akiiweka kwa kupika na kunywa tu?

Lakini liko deni moja ambalo watu wa nchi kavu hulilipa kwa macho yao, nalo ni vikope. Ugonjwa huu hushika watoto wadogo kwanza. Huenezwa kwa tongotongo na makamasi, ama kwa vidole, ama kwa kitambaa, ama kwa nzi. Mtoto akiambukizwa mara nyingi, ngozi ya ndani ya kope la juu huingia makovu. Na miaka mingi baadaye nywele za kope hugeukia ndani, zikakwaruza jicho mpaka likapofuka. Wanawake hupatwa kuliko wanaume, maana wao ndio walezi wa watoto. Hivyo uso mchafu wa mtoto wa leo waweza kuwa upofu wa bibi wa kesho.

Je, kunawa uso kwafaa kitu? Jambo hili lilichunguzwa hapa petu, katika vijiji 6 vya Kongwa, na habari zake zikatolewa mwaka 1995 katika Lancet, jarida la madaktari la Uingereza. Vijiji vyote vilipewa dawa ya macho ya kupaka, lakini katika vijiji 3 watu walihimizwa pia kuwaosha watoto nyuso. Baada ya mwaka mmoja, vikope vikali vilikuwa vichache zaidi katika vijiji vile vilivyohimizwa, hasa kwa watoto ambao nyuso zao zilidumu kuwa safi. Basi dawa ni njema, lakini dawa pamoja na uso safi ni bora.

Wala uso wa mtoto hauhitaji ndoo. Maji ya kikombe kimoja, yakimiminwa kidogo kidogo, huosha nyuso za watoto kadhaa. Tundikeni kibuyu chirizi karibu na mlango, kila mtoto anawe alfajiri, tena jioni. Msiwachovye wote katika bakuli moja, wala mama asiwafute wote kwa pindo moja la kanga. Maana pindo lile huchukua ugonjwa wa mmoja likawapa wote. Ni heri uso ukauke kwa upepo.

Maji yasimwagwe bure baada ya kazi moja. Yaliyosuuza vyombo yanyunyizwe sakafuni kabla ya kufagia, vumbi litulie. Masufuria yasuguliwe kwa majivu kwanza, ndipo yaguswe na maji. Vyombo viinamishwe juu ya kichanja juani, wala visiachwe chini penye kuku na mbuzi. Malazi yatolewe nje yakung'utwe na kuanikwa. Jua ni mali ambayo nchi yetu haikunyimwa.

Kisha tutazame nje ya nyumba. Nzi wapendao kutua machoni huzaliana hasa katika kinyesi cha watu kilichoachwa wazi juu ya ardhi. Katika shimo la choo hawastawi hivyo. Kwa hiyo choo ni kinga ya macho, na kuchimba choo ni kazi ya baba. Samadi nayo ichotwe zizini ipelekwe shambani, na takataka zitiwe shimoni. Tena, baba mwenye punda au baisikeli asione haya kuleta maji, kwani si haki kumdai mama usafi na huku mzigo wote wa maji uko kichwani pake.

Walimu nao watazame nyuso za watoto kila asubuhi, lakini kwa upole. Mtoto mwenye tongotongo asichekwe mbele ya wenzake. Na apewe maji anawe. Akiwa na macho mekundu siku nyingi, wazazi wake waambiwe wampeleke kwa mganga wa zahanati. Na mzee ambaye kope zake zimegeukia ndani asikae kung'oa nywele mwaka hata mwaka. Uko upasuaji mdogo wa kuzirudisha, ufanywe kabla jicho halijaharibika.

Haba na haba hujaza kibaba. Kikombe kimoja asubuhi na kimoja jioni ni gharama ndogo kwa macho ya nyumba nzima. Tuanze kesho alfajiri.