Kiraka Kipya Kwenye Gobore: Shabaha Imeboreka au ni Bahati Tu?

Tuseme rafiki yako mpenda shabaha anakuonyesha picha mbili. Kwenye ya kwanza, risasi tano zimetawanyika sentimita 12. Kwenye ya pili, sentimita 8. "Nimebadilisha kiraka tu," anasema, "hiki kimekatwa mfano wa msalaba." Je, umwamini?

Twende taratibu. Gobore hushindiliwa kupitia mdomo wa mtutu: baruti kwanza, kisha risasi ya duara, inayosukumwa kwa mdeki. Magobore mengi yaliyoletwa Afrika Mashariki kibiashara katika karne ya 19 yalikuwa laini ndani ya mtutu. Ila mafundi wa Pennsylvania, Marekani, tangu karne ya 18 walichonga ndani ya mtutu mifereji inayojizungusha kama skrubu. Mifereji hiyo huifanya risasi izunguke, nayo ikizunguka hainyooki ovyo huku na huku.

Shida iko hapa: risasi ikibana sana haishindiliki, ikipwaya haishiki mifereji. Ndipo kiraka kinapoingia, yaani kipande cha pamba au kitani kinachoifunika risasi. Mtutu wa inchi 0.50 mara nyingi hutumia risasi ya inchi 0.49, kwa hiyo pengo kila upande ni inchi 0.005 tu. Kiraka cha inchi 0.010 hadi 0.015 ni kinene kuliko pengo hilo, hivyo hubanwa hadi kujaza mifereji. Kinaipa risasi mzunguko, kinapunguza uvujaji wa gesi, na kinabeba mafuta au mate ya kulainisha masizi. Kikishatoka nje kinatakiwa kuachana na risasi upesi.

Sasa kwa nini umbo la msalaba? Jaribu kufunga chungwa kwa karatasi ya duara. Mikunjo haikwepeki! Mwaka 1827 Gauss alithibitisha kihisabati kwamba bapa haliwezi kulala juu ya tufe bila kuvutwa, kukunjwa au kuchanwa. Kitambaa huvutika kidogo, lakini mikunjo hubaki, na upande wenye mikunjo mingi hubana zaidi. Ukikata pembe, mikunjo inapungua. Wazo si la kipuuzi hata kidogo.

Lakini wazo zuri si ushahidi. Kundi la risasi tano hubadilika sana lenyewe. Kama mtawanyiko hutokana na bahati ya kawaida, upana wa makundi ya risasi tano hupanda na kushuka kwa takribani asilimia 27 ya wastani wake. Wastani ukiwa sentimita 10, kupata 12 leo na 8 kesho kwa kiraka kilekile ni jambo la kawaida kabisa. Picha za rafiki yako, basi, hazijasema lolote bado.

Afanyeje? Kwanza, viraka vyote viwili vikatwe kwenye kitambaa kimoja, vyenye unene na mafuta sawa. La sivyo hatajua kilichosaidia ni umbo au unene. Pili, asipige vya zamani vyote halafu vipya vyote. Zaidi ya nusu ya uzito wa baruti nyeusi hubaki kama masizi na moshi badala ya kuwa gesi, kwa hiyo mtutu wa risasi ya kumi si ule wa risasi ya kwanza. Achanganye zamu kwa kura, na asafishe mtutu kila baada ya risasi. Tatu, mtu mwingine ashindilie, ili mlengaji asijue kiraka kipi kimo ndani. Nne, apige makundi mengi. Ili kugundua tofauti ya asilimia 30 kwa uhakika wa kuridhisha, anahitaji kama makundi 13 ya kila aina. Kwa tofauti ya asilimia 10, ni zaidi ya 100!

Pia aviokote viraka vilivyotumika. Kama vile vya zamani vinatoka vizima, bila matundu wala kuungua, na alama za mifereji ni sawa pande zote, umbo jipya halina mengi ya kurekebisha.

Huu si ubishi wa vijiweni tu. Majimbo mengi ya Marekani yana msimu maalumu wa kuwinda kwa gobore, na mwindaji huamua apige kutoka umbali gani kwa kuangalia makundi yake. Akidanganywa na kundi moja la bahati, atapiga kutoka mbali mno, na mnyama atakimbia na jeraha. Kwa hiyo rafiki yako akija na picha zake, mwulize kwanza: umepiga makundi mangapi?