Wimbo ule ni wa nani?

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Methali hii ilinijia juzi nikiwa Masimba, huko Kisii, mbali na bahari yetu.

Nilikuwa nimekwenda kumjulia hali rafiki yangu. Mvua ya alasiri ikatuzuia katika hoteli ndogo ya chai, na mama mwenye hoteli akatuwekea filamu. Ilikuwa *The Constant Gardener* ya mwaka 2005, ambayo baadhi ya sehemu zake zilipigwa Kibera na Loiyangalani. Ndani yake ukasikika wimbo wa sauti pole na nyuzi zikidundwa taratibu.

"Hiyo ni obokano yetu!" akasema kijana mmoja kwa furaha.

Mzee aliyeketi pembeni akatikisa kichwa. "Sivyo, mwanangu. Obokano ni kubwa, nayo hunguruma kutoka chini. Hiyo ni nyatiti ya Wajaluo. Zote zina nyuzi nane, lakini kila moja ina sauti yake."

Kijana akatoa simu, maana siku hizi zipo programu za kusikiliza wimbo na kuutaja jina. Lakini mvua ilikuwa ikipiga mabati kwa kishindo, simu isisikie kitu. Filamu ikafika mwisho, majina yakaanza kupanda, na mama akashika rimoti aweke filamu nyingine. Nikamwambia, "Mama, tafadhali, yaache yapite."

Yakapita mengi, ya waigizaji na mafundi. Nyimbo huandikwa karibu na mwisho kabisa, watu wakiwa wamekwisha inuka vitini: jina la wimbo, mtunzi, mwimbaji, mwenye rekodi. Hapo tukaliona: "Kothbiro", Ayub Ogada. Mzee alikuwa amesema kweli. Na maana ya neno hilo kwa Kijaluo ni "mvua inakuja". Tulicheka sote.

Mimi niliona haya kidogo, kwani Ogada alizaliwa Mombasa, mwaka 1956. Ndiye Job Seda aliyeigiza katika *Out of Africa* mwaka 1985. Sahani yake, *En Mana Kuoyo*, ilitolewa Uingereza na Real World mwaka 1993. Alifariki Februari 2019. "Kothbiro" ulikuwa umekwisha pigwa na bendi ya Black Savage miaka ya 1970; na Kanye West alipochukua kipande chake katika "Yikes", mwaka 2018, Ogada na Mbarack Achieng waliandikwa miongoni mwa watunzi.

Msomaji atauliza, jina lina faida gani? Mirabaha hufuata jina. Solomon Linda alirekodi "Mbube" mjini Johannesburg mwaka 1939, akauza haki zake kwa shilingi 10, akafa fukara mwaka 1962. Wimbo wake ukazunguka dunia kwa majina ya wengine, hata ukaingia katika *The Lion King* ya 1994. Jamaa zake walipata mapatano mwaka 2006 tu, baada ya kwenda mahakamani.

Chuoni, maalimu wetu hakupokea kauli mpaka umtaje uliyeipata kwake, na yule naye aliipata kwa nani. Na watunzi wa tenzi wa pwani walikuwa na ada ya kutaja jina, hesabu ya beti na mwaka wa Hijra katika beti za mwisho. Anayekata beti hizo amemnyang'anya mtunzi kazi yake.

Basi majina yale yanayopanda ni kaditamati ya filamu. Vituo vyetu vya televisheni huyakata ili kupisha matangazo ya biashara, nasi tumezoea kunyamaza. Tusinyamaze. Msomaji, filamu ikiisha usiwe na haraka ya kuinuka. Subiri wimbo uishe, umsome mwenyewe. Pale Masimba ilitugharimu kikombe kimoja zaidi cha chai, na mvua ilikuwa bado haijakatika.