Kadi ya Michoro Ichaguliwe Baada ya Skrini

Katika maduka ya kompyuta ya Luthuli Avenue na Moi Avenue, katikati ya jiji la Nairobi, wanunuzi wengi huanza kwa kuulizia kadi ya michoro, yaani kifaa kinachokokotoa picha na kuipeleka kwenye skrini, ilhali jambo linaloamua uzito wa kazi ya kadi hiyo ni skrini yenyewe na wingi wa pikseli zake, vile vinukta vya mwanga ambavyo kwa kawaida huchorwa upya mara 60 kila sekunde. Skrini ya 1920 kwa 1080 ina pikseli 2,073,600, ya 2560 kwa 1440 ina 3,686,400, nayo ya 3840 kwa 2160, inayouzwa kwa jina la 4K, ina 8,294,400, mara nne kamili ya ile ya kwanza, ndiyo maana kadi inayoendesha mchezo bila shida kwenye skrini yenye pikseli chache huweza kulemewa kabisa kwenye yenye pikseli nyingi.

Kwa Nairobi kuna kikwazo kingine, nacho ni kizito zaidi. Kompyuta nyingi za bei nafuu ni zile zilizokwisha kutumika maofisini ng'ambo, maarufu kama ex-UK, na nyingi zina kasha jembamba na pawa saplai ndogo, yaani kile kisanduku kinachogawa umeme ndani ya mashine. Dell OptiPlex 7010 ya mwaka 2012 yenye kasha jembamba, kwa mfano, ina pawa saplai ya wati 240 isiyo na waya wa ziada wa kulisha kadi, kwa hiyo kadi hutegemea tundu la ubao mama, yaani ubao mkuu wa mashine, peke yake, ambalo hutoa wati 75 tu. Kadi ya GeForce GTX 1650, iliyotoka mwaka 2019, hutosheka na kiasi hicho, na yapo matoleo yake ya kimo kifupi yanayoingia katika kasha hilo; RTX 3060 huhitaji wati 170, na muuzaji anayeipendekeza kwa mashine kama hiyo bila kuifungua anamkosea mteja.

Mwanafunzi wa Kangemi au Kawangware anayejifunza kuhariri video atafaidika zaidi na skrini ya 1080, kadi ya kiasi na kumbukumbu ya kutosha kuliko 4K inayokwamakwama. Studio ya Kilimani au Lavington inayochora majengo ina sababu ya kweli ya kutaka 4K, kwa kuwa mistari myembamba huonekana wazi, mradi ikague waya wa skrini pia: HDMI ya toleo la 1.4 hupitisha picha 30 tu za 4K kwa sekunde, hata kishale cha kipanya kikaonekana kujikokota, ilhali toleo la 2.0 hupitisha 60.