Madison: Chuo Kisicho na Geti

Siku ya kwanza Madison nilitafuta geti la chuo, kitambulisho mkononi. Hakuna geti! Unatembea State Street, unapita migahawa, maduka ya vitabu na vijana wanaopiga gitaa, mara uko ndani ya Chuo Kikuu cha Wisconsin na hakuna mlinzi aliyekuuliza unakwenda wapi. Mwisho mmoja wa mtaa ni chuo, mwisho wa pili ni Capitol, jengo la bunge la jimbo. Ni mwendo wa miguu tu. Mwaka 2011, muswada wa kuvibana vyama vya watumishi wa umma, walimu wakiwemo, ulipoletwa, wanafunzi na walimu walilala humo bungeni siku kadhaa. Sheria ilipita hivyo hivyo.

Kama bumu limekata, nenda Memorial Union, jengo la umoja wa wanafunzi lililofunguliwa 1928. Nyuma yake kuna viti vya rangi vinavyotazama Ziwa Mendota. Unakaa bure mpaka jua lizame. Hiyo ni majira ya joto. Januari ziwa lenyewe linaganda na watu wanatembea juu yake. Mimi nilichungulia tu.

Jumamosi asubuhi kuna soko la wakulima kuzunguka Capitol. Wote huzunguka kinyume cha mishale ya saa. Ukienda tofauti, umejulikana mgeni.

Ila ukiwa na saa moja tu, panda kilima cha Bascom ukaone kibao cha shaba mlangoni. Mwaka 1894 Profesa Richard Ely, mchumi, alishtakiwa kwamba anaunga mkono migomo. Bodi ya chuo ilikataa kumfukuza, ikasema chuo lazima kiendelee kuchekecha na kupepeta bila woga, maana ndivyo ukweli unavyopatikana. Sisi tuliokua na ungo na chekeche jikoni hatuhitaji kufafanuliwa: pumba hupeperuka, punje hubaki, lakini lazima mtu atikise. Kilichonigusa zaidi ni kwamba kibao chenyewe ni zawadi ya wahitimu wa 1910, na bodi ilikikataa. Bodi ya chuo kile kile, bwana, ikikataa maneno yake yenyewe! Kilibandikwa 1915.

Panda mchana. Usiku wa barafu kilima kile utakishuka kwa makalio.