Mali Bila Daftari: Data za Utafiti na Mafuriko ya Bonde la Msimbazi

Magharibi ya Kariakoo, mwendo mfupi kwa miguu kutoka sokoni, ipo kata ya Mchikichini. Jina lake linatokana na mchikichi, mti uzaao mawese. Upande mmoja kata hiyo imepakana na mitaa ya biashara. Upande mwingine inateremka hadi kwenye bonde la Mto Msimbazi, ambao huanzia katika vilima vya Pugu na kumwaga maji yake katika Bahari ya Hindi karibu na daraja la Salenda. Wakati wa kiangazi mto huo huonekana kama kijito tu. Mvua zikizidi, hulijaza bonde lote, na wakazi wa Msimbazi Bondeni hukesha wakiokoa vyombo vyao.

Mafuriko ya Desemba 2011 hayajasahauliwa. Jijini Dar es Salaam watu zaidi ya 40 walipoteza maisha, na maelfu walibaki bila makazi. Baadhi ya familia za mabondeni zilihamishiwa Mabwepande, kaskazini ya jiji. Tangu hapo kila msimu wa mvua umekuja na swali lilelile: maji yatafika wapi, na nani yupo katika njia yake?

Maji mamoja, elimu nyingi

Swali hilo halina mwenyewe mmoja. Mtaalamu wa hali ya hewa hupima mvua. Mtaalamu wa haidrolojia huhesabu muda unaochukuliwa na maji kutoka Pugu hadi Jangwani. Mhandisi hutaka kujua upana wa mitaro na urefu wa nguzo za daraja. Daktari huangalia kipindupindu, ambacho hupenda kufuatana na maji machafu. Mlipuko ulioanza Dar es Salaam Agosti 2015 ulienea mikoani, na hadi mwaka uliofuata wagonjwa nchini walikuwa wamepita 20,000. Mtaalamu wa takwimu za watu naye hujua ni wangapi wanaokaa wapi. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 5,383,728 katika Mkoa wa Dar es Salaam.

Kila mmoja wa wataalamu hawa anashika kipande kimoja cha jibu. Vipande visipokutana, jibu halipatikani. Jambo hili si geni katika historia ya sayansi. Mwaka 1854 daktari John Snow wa London alionyesha kwamba kipindupindu huenezwa na maji. Hakufanya hivyo kwa kutazama vijidudu katika hadubini. Alichukua orodha za vifo zilizotunzwa na ofisi ya usajili, akaziweka kwenye ramani ya mitaa pamoja na mahali pa pampu za maji. Karani aliyeandika vifo hivyo hakuwa akitafuta chanzo cha kipindupindu. Hata hivyo, kwa kuwa aliandika jina la mtaa na tarehe bila kukosea, kazi yake ilimfaa mtu wa elimu nyingine.

Ramani Huria

Mwaka 2011 wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi walishirikiana na wakazi wa Tandale kuchora ramani ya kata yao. Mwaka 2015 ukaanzishwa mradi mkubwa zaidi ulioitwa Ramani Huria. Uliziunganisha Tume ya Taifa ya Sayansi na Teknolojia, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Chuo Kikuu Ardhi, Chama cha Msalaba Mwekundu na Benki ya Dunia. Wanafunzi na wananchi walipita mitaani katika kata zinazokumbwa na mafuriko wakiwa na vipokezi vya satelaiti, huku ndege zisizo na rubani zikipiga picha kutoka angani. Waliandika mahali pa nyumba, vichochoro, mitaro, visima na vyoo. Viongozi wa mitaa, ambao ndio wanaoijua mipaka, walisaidia kuionyesha.

Data hizo hazikufungiwa kabatini. Ziliwekwa katika OpenStreetMap, ramani ya dunia iliyoanzishwa Uingereza mwaka 2004, ambayo mtu yeyote anaweza kuitumia na kuisahihisha. Masharti yake ni mepesi kueleza: anayetumia data ataje zilikotoka, na akizijenga upya na kuzitoa, azitoe kwa masharti yaleyale. Hivyo mtaro uliochorwa na mwanafunzi wa mipango miji uliweza kutumiwa na mhandisi, na nyumba iliyochorwa kwa ajili ya mafuriko ikamfaa mganga anayefuatilia kipindupindu.

Mitego mitatu

Hata hivyo, kupeana data si sawa na kuelewana. Data zinaweza kuhama kutoka kompyuta moja hadi nyingine kwa dakika moja, na bado maana yake ikapotea njiani. Mifano mitatu inatosha.

Mtego wa kwanza ni mahali. Ramani za zamani za Afrika Mashariki zilichorwa kwa msingi wa vipimo uitwao Arc 1960, ilhali vipokezi vya satelaiti hutumia msingi wa WGS 84. Latitudo na longitudo zilezile, zikisomwa kwa misingi hiyo miwili, huonyesha sehemu mbili zilizoachana kwa karibu mita 300. Mahali palipo tambarare tupu pengine kosa hilo lisingedhuru. Mchikichini, mita 300 zinatosha kuiondoa nyumba bondeni na kuiweka penye mwinuko, au kinyume chake. Katika bonde ambalo mradi wa kuliendeleza uliidhinishiwa fedha na Benki ya Dunia mwaka 2022, ukihusisha daraja jipya la Jangwani na kuwahamisha wakazi, upande wa mstari ambao nyumba ipo si jambo dogo kwa mwenye nyumba.

Mtego wa pili ni saa. Mkazi akiulizwa maji yaliingia lini, atajibu, “Saa 9 usiku.” Kwa Kiswahili maana yake ni 03:00, kabla ya alfajiri. Mwanafunzi anayejaza fomu ya Kiingereza kwa haraka anaweza kuandika 21:00. Tofauti ni saa sita. Mtaalamu wa haidrolojia akilinganisha saa hiyo na kumbukumbu za mvua, ataona mto umefurika kabla mvua haijanyesha, na huenda akaitupa taarifa ya mkazi kana kwamba ni ya uongo, kumbe mkazi alisema kweli tupu.

Mtego wa tatu ni kipimo chenyewe. “Maji yalifika mita 2” ni maneno yasiyokamilika. Ni mita 2 kutoka sakafuni, kutoka barabarani, au juu ya usawa wa bahari? Mkazi husema yalifika kiunoni, na kauli hiyo ni data nzuri iwapo itaandikwa alikuwa amesimama wapi.

Daftari la data

Wafanyabiashara wa Kariakoo wanaijua methali isemayo kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Data za utafiti nazo ni mali, na daftari lake ni maelezo yanayofuatana nazo: nani alizikusanya, lini, wapi, kwa chombo gani, kwa kipimo gani, kwa msingi upi wa ramani, na kwa ruhusa ya nani. Maelezo hayo yasipoandikwa siku data zinapokusanywa, aghalabu hayaandikwi tena. Mtafiti huhama, mradi hufungwa, na faili hubaki lenye safu za tarakimu ambazo hakuna anayeweza kuzitafsiri.

Mwaka 2016 kundi la wanasayansi wa nchi mbalimbali lilichapisha kanuni nne ambazo sasa hufuatwa na taasisi nyingi za utafiti. Data ziwe rahisi kupatikana. Iwepo njia inayojulikana ya kuzifikia. Ziweze kuunganishwa na data za fani nyingine. Na ziweze kutumika tena kwa kazi ambayo mkusanyaji hakuifikiria. Kanuni hizi hazisemi kwamba kila kitu kiwe wazi kwa kila mtu. Mahali pa mtaro panaweza kutangazwa bila madhara. Jina la mgonjwa wa kipindupindu na mlango wa nyumba yake havipaswi kutangazwa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inawataka wanaokusanya taarifa za watu wazitumie kwa kusudi lililoelezwa na wazilinde. Kwa hiyo daktari anaweza kumpa mhandisi idadi ya wagonjwa kwa kila mtaa, akabaki na majina.

Kazi kwa shule

Elimu hii inaweza kuanzia shuleni bila gharama kubwa. Chukua kopo lenye kuta zilizonyooka na kitako bapa, uliweke mahali pa wazi, mbali na miti na mapaa. Kila siku saa 3 asubuhi pima kwa rula kina cha maji kwa milimita, kisha uyamwage. Katika daftari andika tarehe kwa kuanza na mwaka, kisha mwezi, kisha siku. Saa andika 09:00. Na siku isiyo na mvua andika 0, wala usiache nafasi tupu, kwa maana nafasi tupu humaanisha kwamba hakuna aliyepima.

Ukurasa wa kwanza andika jina la shule, mahali kopo lilipo na upana wa mdomo wake. Kisha badilishaneni madaftari na shule ya kata nyingine, na kila upande ujaribu kuchora grafu ya mvua ya mwenzake bila kuuliza swali hata moja. Pale mtakapolazimika kuuliza, ndipo pana pengo katika daftari.