Riziki ya Giza Ziwani Tanganyika

Jua likizama Kabezi, kusini mwa Bujumbura, wavuvi husukuma majini mitumbwi iliyoungwa pamoja, taa zikining'inia juu ya maji na wavu ukishushwa kilindini. Ndagala, yaani dagaa, hufuata mwanga. Nyuma yao huja mukeke wanaowala. Hapo wavu huinuliwa.

Lakini mwezi mpevu huzishinda taa zote, za karabai za zamani na za betri za leo, na wavuvi hubaki nyumbani usiku kadhaa mfululizo. Siku hizo jiko huokolewa na ndagala waliokaushwa vyema. Walioanikwa mchangani, mvua huwaozesha upesi. Kichanja cha waya huwakausha kwa siku moja ya jua kali, wala mlaji hatafuni mchanga.