Hesabu za Umri Zinavyoweza Kusaidia Kupanga Huduma Mahege

Sensa ya Watu na Makazi ya mwaka 2022 ilihesabu watu 61,741,120 nchini Tanzania, kutoka 44,928,923 mwaka 2012. Hata hivyo, kwa mpangaji wa huduma katika Kata ya Mahege, Wilaya ya Kibiti mkoani Pwani, jumla hiyo haitoshi. Anahitaji kujua mgawanyo wa umri: watoto wangapi wataanza shule, wanawake wangapi wamo katika umri wa kuzaa na wazee wangapi watahitaji matunzo.

Njia mashuhuri ya kukadiria mgawanyo huo ilielezwa mwaka 1945 na mtaalamu wa Uingereza, P. H. Leslie. Watu hupangwa katika makundi ya umri, mathalani ya miaka mitano mitano. Kila kipindi kinapopita, walio hai hupanda kundi linalofuata, na wanaozaliwa huingia kundi la kwanza. Viwango vya uzazi na vifo visipobadilika kwa muda mrefu, uwiano wa makundi hutulia.

Katika maisha halisi viwango hivyo huyumba kwa nasibu, na nasibu hiyo ni ya aina mbili.

Ya kwanza hutokana na matukio ya mtu mmoja mmoja. Eneo linalotarajia watoto 100 kuanza darasa la kwanza linaweza kupata 80 au 120 bila kuwapo sababu yoyote mpya. Kwa kigezo cha wanafunzi 45 kwa chumba, watoto 80 wanahitaji vyumba viwili, na 120 wanahitaji vitatu. Eneo linalotarajia watoto 10,000 huyumba kwa takriban 200 tu, sawa na asilimia 2. Ndiyo maana makadirio yanayofaa kwa taifa yanaweza kukosea katika kata.

Aina ya pili hutokana na mazingira, kama mafuriko yaliyozikumba Rufiji na Kibiti Aprili 2024, au mlipuko wa ugonjwa. Matukio hayo hugusa kaya nyingi kwa pamoja, hivyo ukubwa wa idadi ya watu hauondoi athari zake.

Kwa sababu hiyo, wataalamu huirudia hesabu mara maelfu kwa kompyuta, kila mara wakibadilisha viwango kwa nasibu ndani ya mipaka iliyokwisha kuonekana. Jibu linalopatikana ni kiwango cha chini na cha juu, pamoja na uwezekano wake.

Mipaka hiyo hutokana na kumbukumbu za muda mrefu. Mwishoni mwa mwaka 1998, Kibiti ikiwa bado sehemu ya Wilaya ya Rufiji, ulianzishwa wilayani humo mfumo wa ufuatiliaji wa afya na idadi ya watu, ambao umeendeshwa na Taasisi ya Afya Ifakara. Wahojaji walitembelea kaya mara kwa mara wakiandika vizazi, vifo na uhamaji.

Hisabati imeonesha pia kwamba jamii mbili zenye migawanyo tofauti ya umri, zikipitia mfululizo uleule wa viwango, hatimaye hufanana. Mgawanyo wa zamani hufifia, na viwango vya miaka ya karibuni ndivyo huamua. Kwa hiyo kila kizazi na kifo kinachosajiliwa leo huboresha makadirio ya madarasa, chanjo na dawa za kesho.